Simu ya Lamu Isiguswe

Vijana wa kompyuta wa siku hizi mnanichekesha, na mimi si mtu wa kuchekacheka. Juzi Nasra, mtoto wa mpwa wangu, msichana mwenye shahada mbili, alikuja kunitazama hapa Kibokoni. Badala ya kunitazama mimi akawa anaitazama simu yake. "Bibi, naingia kwenye seva ya watu," akaniambia. Seva yenyewe iko ng'ambo, wapi hasa hajui. Nikamuuliza, "Iko nyumba gani? Nani anakaa nayo? Paa halivuji?" Akaniona nimezeeka. Hazikupita dakika kumi akapiga ukelele: amebandika amri aliyoiokota mtandaoni bila kuisoma, na amri imemfungia nje. Akaketi kwenye kiti changu mpaka adhuhuri akingoja watu asiowajua wamjibu barua wamfungulie. Shahada mbili, wallahi!

Basi hebu nisikizeni mimi mwenzenu, niliyefanya kazi hii kabla hamjajua kutambaa. Sitawapangia mambo kama kitabu cha shule. Nitasema ninavyokumbuka, na atakayechoka akaangalie video zake.

Jina langu Saada. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya kuuza dawa kwa jumla, ofisi ghorofani, nyuma ya Marikiti, juu ya duka la viungo. Mpaka leo nikinusa bizari namkumbuka bosi. Mwanamke wa buibui mwenye bisibisi mkobani, mimi. Wageni wakiambiwa "muoneni fundi", walinipita wakaenda kumpa mkono mtunza stoo kwa kuwa ana ndevu. Mtunza stoo naye hakujua kompyuta huwashwa wapi. Niliwaacha wamalize salamu zao, halafu nikawaambia, "Haya, mkishamaliza na ndevu, fundi yuko huku."

Bosi wetu alikuwa Bwana Jaffer, mkaazi wa Kizingo, mtu wa kuja kazini na vioo vya gari vimefungwa asije akapata vumbi la watu. Alikuwa na tawi Lamu, na kwenye ghala la tawi hilo palikuwa na seva, kompyuta kubwa iliyojua dawa gani ipo na ipi imekwisha. Ikiugua, mimi ndiye niliyepandishwa basi. Siku nzima njiani, katika msafara wa askari kwa sababu ya majambazi, mashimo mpaka bandarini Mokowe, kisha boti. Safari moja nilifika nimekuwa vumbi mtupu nikakuta waya wa seva umechomolewa ili feni ichomekwe. Nikachomeka waya, nikanywa kahawa, nikalala, nikarudi. Ripoti niliyoiandika ilikuwa na maneno mawili: "Feni. Astaghfirullahi."

Ndipo bosi akataka Lamu ifikiwe tukiwa hapa hapa Mombasa. Nyinyi mnaona jambo hilo dogo. Wakati ule palitakiwa modemu mbili, moja huku na moja kule. Modemu ni kidude kinachogeuza maneno ya kompyuta yakawa kelele, kelele zikapita kwenye waya wa simu, na mwenzake upande wa pili akazigeuza maneno tena. Unapiga simu, modemu ya Lamu inapokea, zinapigiana kelele za kukata masikio, halafu seva ya Lamu inakuuliza jina lako na neno lako la siri. Ukiyataja sawasawa, uko ndani, kana kwamba umekaa mbele yake.

Bwana Jaffer hakuniamini. Akaleta mtaalamu kutoka Nairobi. Tai shingoni, mwezi wa pili, Mombasa! Jasho lilimtoka mpaka likaingia kwenye mkoba. Akaenda Lamu kwa ndege, akakaa siku mbili, moja ya kazi na moja ya kula kamba. Aliweka mwendo wa juu kabisa modemu iliouweza, kwa sababu kijitabu kilisema inauweza. Kijitabu kiliandikwa na mtu asiyewahi kuona waya wa simu wa Lamu. Neno la siri akaweka jina la kampuni, akaliandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya seva. Siri gani hiyo? Alipopanda ndege, mawasiliano yakawa hayadumu hata muda wa kunywa kikombe cha chai.

Aliyenifundisha kazi ni mtu mwengine, Mzee Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo asiyekosa kanisa, aliyemaliza ujana wake juu ya nguzo za simu kabla ya kuajiriwa kwetu. Kompyuta hakuigusa. Alisema ni taipureta yenye kiburi. Lakini waya aliujua. Alinishika mkono akanipa simu sikioni, akaniambia, "Nyamaza. Mdomo wako unazidi laini." Nikanyamaza, jambo la nadra. "Huo mkwaruzo ni chumvi kwenye viungio. Huo mvumo, waya umepita karibu na umeme. Na ukisikia kama mahindi yanakaangwa, ni maji yameingia." Akanifundisha kusugua vichwa vya shaba kwa raba ya kufutia penseli mpaka ving'ae, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula kila kitu. Akaniuliza kuhusu ule mwendo wa mtaalamu, "Mbona wakimbia kwenye njia mbovu?" Nikaupunguza mpaka ukawa wa kobe. Laini ikashika, haikukatika tena. Mtaalamu wa tai alilipiwa ndege, Mzee Kazungu alipewa soda.

Na hili lisikie, Nasra, kwa kuwa ndilo lililokuaibisha kitini kwangu. Ukiwa ndani ya seva ya mbali, usiguse mlango ulioingilia kabla hujajiwekea njia ya kurudi. Mimi nilikuwa nikiandika amri kwenye karatasi kwanza, naisoma, nakunywa maji, naisoma tena. Kisha naiagiza seva: baada ya robo saa, rudisha mambo yalivyokuwa. Hapo ndipo nabadilisha. Nikifaulu, nalifuta lile agizo. Nikijifungia nje, nakaa robo saa namsema bosi, mlango unafunguka wenyewe. Hamna shahada hapo, ni akili ya mtu anayeogopa basi la Lamu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Nimelizungukazunguka kwa makusudi.

Pale ghala la Lamu palikuwa na laini moja tu ya simu. Mzee Kazungu aliniambia mapema, "Omba laini ya pili. Moja ya mashine, moja ya watu." Nikamcheka. Laini ya pili Lamu, miaka ile, ungeiomba ukiwa msichana ukaipata huna meno. Mtaalamu aliichomoa simu ya mezani ili modemu ikae peke yake; mimi nilipokwenda Lamu nikazichomeka zote mbili kwenye laini ile ile, simu ya mezani na modemu, nikaiambia modemu ipokee baada ya mlio wa nne. Niliona nimevumbua dunia. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Mtunza ghala alikuwa Mzee Lali, mtu wa makamo aliyeelekea uzeeni, peke yake mule ndani na maboksi ya dawa. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, na adabu za kale. Kwake yeye, kuiacha simu inalia ni sawa na kumwacha mgeni mlangoni juani. Mlio wa kwanza haukuisha, ameshashika. Na akishika hasemi "halo" kama nyinyi mlioachishwa ziwa jana. Atakusalimu, akuulize hali yako, wazee, watoto, jirani, na mvua za huko, ndipo akuulize wewe ni nani.

Siku ya majaribio nilikuwa Mombasa, Mzee Kazungu kando yangu. Modemu yangu ilikuwa na spika, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Nikapiga. Mlio mmoja, na sauti ya Mzee Lali ikatujaa ofisini: "Asalam aleikum!" Modemu yangu ikampigia ukelele.

"Nani mwenzangu?" akauliza. Ukelele.

"Basi, basi, usilie mwanangu. Tulia, sema taratibu. Nani amefariki?"

Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Ofisi nzima ilikuja kusikia mzee wa Lamu akiibembeleza mashine. Mzee Kazungu alianza kucheka na sisi, kisha akaacha. "Umemsikia anauliza nini?" akaniambia. Nilimsikia. Miaka ile simu ya ghafla kutoka Mombasa, kwa watu wengi, ilikuwa ni msiba. Nilijua hivyo, nikaendelea kucheka.

Nilipanda basi tena kwenda kumfunza adabu ya mashine, hivyo ndivyo nilivyosema. Nikaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: SIMU HII ISIGUSWE. KAZI YA MASHINE. Nikaibandika ukutani juu ya simu. Kupiga nje alikuwa hawezi hata hapo awali, kwa sababu Bwana Jaffer alitia kufuli kwenye gurudumu la nambari asije mtu akaongea na jamaa zake kwa hela ya kampuni. Simu ile ilikuwa ya kupokea tu. Na mimi nikaja nikauondoa hata huo upokeaji.

Mzee Lali akaisoma karatasi yangu, akaisoma tena. Akaniuliza, "Na Mwanaidi?"

Mwanaidi alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, ameolewa Mombasa, Majengo. Moyo wake ulikuwa mbovu toka utotoni. Kila Alhamisi alikwenda duka la jirani mwenye simu akampigia babake, wakasikizana sauti. Haya nilikuwa nayajua, alishanihadithia safari zilizopita.

"Mzee, hii ni simu ya kazi," nikamwambia. "Si ya hadithi za nyumbani."

"Hadithi ataacha. Nitamwandikia asinipigie Alhamisi. Lakini akizidiwa je? Mumewe nambari aliyonayo ni hii."

"Akizidiwa atapelekwa hospitali. Wewe utamtibu kwa simu?"

"Sitamtibu, Bi Saada," akasema. "Nitakwenda."

Nikaiweka bisibisi chini. Naye akaona pengine nimelainika, akasema, "Basi nipe saa moja kwa siku niishike mimi. Baada ya alasiri, ukishamaliza mambo yako."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikize, nyinyi mnaojua kila kitu. Ombi lile lilikuwa kazi ya dakika tano. Seva ingeweza kuagizwa iizime modemu alasiri na kuiwasha magharibi, kila siku, bila mtu kuigusa. Namna ya kufanya niliijua, nimeshawaambia kwamba maagizo ya saa nilikuwa bingwa. Lakini nilikuwa nimechoka na basi, na sikupenda mtunza ghala anipangie mitambo yangu. Nikamwambia, "Mashine haina saa ya mapumziko, Mzee." Akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye fundi." Akanitilia kahawa.

Kuanzia hapo kazi ikaenda vizuri ajabu. Nikikaa kiti changu nyuma ya Marikiti, nanusa bizari, naitengeneza Lamu. Nilijiona mimi. Nilipokutana na watu harusini niliwaambia naweza kufika Lamu na kurudi kabla wali haujaiva. Kiburi si maungwana, mamangu alinifunza, lakini darasa hilo nilikuwa sikuhudhuria.

Seva ile ilikuwa na daftari lake la ndani. Kila modemu ilipopokea simu, iliandika saa, na aliyepiga akitaja jina liliandikwa, asipotaja paliachwa patupu. Jumatano moja, magharibi yakaribia, niliingia Lamu nikasoma daftari nikakuta simu saba baada ya alasiri. Zote zimepokelewa, zote hazina jina, zote zimekatwa baada ya muda mfupi.

Nikaruka. Wezi! La, si wezi, nikajiambia, ni yule mtaalamu wa tai. Nambari anayo, na wivu anao, anataka kuchungulia kazi yangu apate la kumwambia bosi. Nilicheka peke yangu. Nikaamua kumkomesha. Nikaiagiza modemu isingoje mlio wa nne, ipokee mlio wa kwanza. Asiyetaja jina haraka akatiwe mara moja. Nilifuata taratibu zote: karatasi, maji, agizo la robo saa. Kazi safi kabisa, hata leo siioni kasoro yake ya kifundi.

Asubuhi nikamhadithia Mzee Kazungu. Yeye akaniuliza, "Wajuaje kama aliyepiga alikuwa na mashine?"

"Nani mwengine ana nambari ile?" nikamjibu, na nikageuka kuendelea na shughuli zangu. Sikungoja jibu la swali langu mwenyewe. Mngeniona nilivyogeuka, mngedhani ni waziri.

Siku hiyo, Alhamisi, daftari likaandika simu kumi na moja. Zote mlio wa kwanza, zote kimya, zote zimekatwa na mtambo wangu. Nilifurahi kama aliyenasa panya. Nikazichapa kwenye karatasi, nikampelekea Bwana Jaffer. Akaniita mbele ya watu wote, hata wenye ndevu, akasema, "Hii ndiyo kazi. Mtu hukaa hapa akalinda mali kule." Karatasi akaibandika ubaoni. Miaka yote niliyofanya pale hiyo ndiyo siku pekee niliyosifiwa.

Jumatatu asubuhi nilisikia kanzu ikipanda ngazi. Alikuwa Mzee Lali. Nilishtuka kumuona, maana ghala la Lamu halina mtu mwengine. Akanisalimu, akaniuliza hali yangu na ya mamangu. Mimi sikumaliza hata kumjibu salamu. "Mzee Lali, ghala umemwachia nani?"

"Nimelifunga," akasema. "Nimekuja kuomba radhi kwa bosi. Niliondoka Jumamosi bila ruhusa, sikuwa na njia ya kuipata. Mwanaidi amefariki. Amezikwa Ijumaa baada ya sala."

Nikasema innalillahi, kama tunavyosema. Nikamuuliza habari alizipataje. Akasema dereva wa basi alimletea kijibarua Ijumaa jioni, wakati binti ameshazikwa. Mkwewe alikuwa amejaribu kupiga simu toka Jumatano, Mwanaidi alipozidiwa. Angepata Jumatano, Mzee Lali angepanda basi la Alhamisi alfajiri, na jioni ile angekuwa Mombasa. Mwanaidi alikata roho Alhamisi, magharibi imeshaingia.

"Simu ililia Jumatano," akaniambia. Alikuwa akiongea bila ukali wowote, na afadhali angenipiga. "Nilihesabu mara saba. Nilikuwa nimekaa pale pale, napanga maboksi. Ikilia mara nne, mashine yako inashika, inapiga kelele zake. Nikasema, leo Bi Saada ana kazi nyingi. Alhamisi ikalia zaidi. Nikakuombea Mungu akupe nguvu."

Karatasi ilikuwa ubaoni, nyuma ya kofia yake. Saba, na kumi na moja. Hili ndilo ninalolichukia mpaka leo kuliko yote, kwamba mimi, mdomo unaozidi laini, siku hiyo nilikosa neno. Mzee Kazungu alinyanyuka, akaenda akaing'oa ile karatasi ubaoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akamshika Mzee Lali mkono wakateremka ngazi pamoja. Mimi hakunitazama.

Matangani kule Majengo nilikwenda. Mke wa jirani mwenye duka, ambaye hakunijua mimi ni nani, alinihadithia kama tunavyohadithiana misibani. Mkwe alipiga simu mpaka kidole kikamuuma. Kila akipiga, akasikia ukelele sikioni. Alidhani simu ya Lamu imeharibika. Akirudi kitandani Mwanaidi alimuuliza, "Baba ameshika?" Naye akamjibu, "Simu yalia tu." Aliulizwa hivyo tangu Jumatano mpaka Alhamisi. Yule mama akasema, "Simu zao hizo za ofisi, hazina maana." Nikamwambia, "Kweli, hazina maana." Nikaomba ruhusa nikaondoka. Wali wa watu sikuugusa.

Nikamwendea Bwana Jaffer nikamwambia yote, kwamba zile simu hazikuwa za wezi wala za mtaalamu, zilikuwa za mtu anayemwita mzee kwa mwanawe. Akatikisa kichwa. "Bahati mbaya sana," akasema. "Na ghala litafunguliwa lini?" Nilimdharau sana siku hiyo, na nilimdharau kwa furaha, kwa sababu nilipokuwa nikimdharau yeye nilipata mapumziko kidogo ya kujidharau mimi.

Nikaingia Lamu kwa simu mara ya mwisho kwa njia ile. Nikaiagiza modemu isipokee tena simu yoyote, mlio wa kwanza wala wa mia. Nikamwandikia Mzee Lali barua, nikampa dereva wa basi: kuanzia sasa simu ni yako, ishike wewe, mimi nikitaka kuingia nitakuomba, nawe utabonyeza kitufe cha modemu. Nikamwandikia pia kwamba kosa lilikuwa langu. Sentensi hiyo ilinichukua siku tatu, mimi niliyekuwa nikiandika amri kwa dakika moja.

Mzee Lali alirudi kazini baada ya arubaini. Nikapiga. Ikalia mpaka ikakatika yenyewe. Nikapiga kesho yake, na kesho kutwa, wiki nzima. Nikamuuliza dereva wa basi, je, ghala liko wazi? "Liko wazi," akasema, "na Mzee yumo, amekaa kando ya simu."

Bosi akadhani seva imeugua tena, nami nikapanda basi. Vumbi, askari, mashimo, boti. Nilimkuta mahali pake, kanzu imepigwa pasi kama kawaida. Karatasi yangu ya wino mwekundu bado iko ukutani, na barua yangu iko mezani, imefunguliwa, imenyooshwa vizuri, imewekewa chupa ya dawa juu isipeperuke. Nikaibandua karatasi, nikaichana mbele yake.

"Mzee, kwa nini hushiki simu? Nimepiga wiki nzima. Barua si umeisoma?"

"Nimeisoma. Nimekusamehe toka matangani, usiwe na wasiwasi."

"Basi shika simu, Mzee wangu. Mashine haishiki tena. Ni wewe."

"Nishike nisikie nini, Bi Saada?" akasema. "Aliyekuwa akinipigia ameshazikwa."

Tukakaa. Akanyanyuka akatia kahawa, kikombe changu na chake, akaketi tena. Ndipo simu ikalia, mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee Lali akainamia kikombe chake. Mlio wa tano nikanyanyuka nikaishika mimi.

Alikuwa Bwana Jaffer, anapiga kutoka Kizingo, anataka kujua kama mashine imepona.

Nikamwambia mashine haina neno.